Kupima Gari la Mkwe kwa Sikio

Nikiitwa kusikiliza redio ya gari, jambo la kwanza ninalofanya ni kumwomba mwenye gari ashuke. Mwenye gari akibaki ndani atakusaidia kusikia. Atagongagonga usukani kufuata ngoma, atatikisa kichwa, atakuambia "sikia besi hiyo", na wewe utajikuta unaisikia besi ambayo haipo. Kwa hiyo namwambia ashuke, afunge mlango, akae kule kivulini na asinitazame. Wengine wanacheka. Nawaacha wacheke.

Mimi si fundi. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tarime, na kwa miaka mingi nimefundisha kwaya ya kanisa letu. Kwaya ndiyo iliyoniharibu. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya waimbaji arobaini akimtafuta mmoja aliyeteleza, hawezi tena kusikiliza kitu kwa raha. Hata kengele ya shule naisikia kama inaficha jambo. Baba wa watoto husema mimi nikifika mbinguni nitawauliza malaika nani kati yao anadanganya sauti ya tatu, na sikatai.

Mambo ya magari yalianza kwa kaka yangu wa Kisaka. Alinunua gari dogo la Kijapani, lililokwisha kutumika, akaja kutuonyesha. Tukapanda kuzunguka mjini, yeye akiisifia injini, mimi nikiwa kiti cha nyuma nasikiliza wimbo uliokuwa unapigwa. Nikamwambia mlango wa nyuma, upande wa kushoto, unaimba peke yake. Spika tatu zilikuwa na sauti moja, ya wastani na safi, kama watu waliofundishwa na mwalimu mmoja. Ya nne ilikuwa na sauti ya debe. Kaka akasema ni wivu tu. Kesho yake fundi alifungua kava la ndani la mlango ule, tukakuta spika ya aina nyingine kabisa, na mlango wenyewe umetoka kwenye gari lingine. Nguzo yake ilikuwa imenyooshwa kwa nyundo na kupakwa rangi juu. Dalali aliyemuuzia alikuwa ameapa kwa jina la mama yake kwamba gari halijawahi hata kukwaruzwa.

Habari hiyo ilitembea kuliko gari lenyewe. Watu wakaanza kuniletea magari yao kabla ya kuyanunua, wengine kutoka Sirari, wengine kutoka Mugumu wakiwa wametafuna vumbi asubuhi nzima. Shemeji yangu aliyeoa dada yangu ng'ambo ya mpaka alinicheka: "Wewe shemeji unapiga gari eksirei na nyimbo za Yesu!" Lakini yeye mwenyewe alikuja na gari lake nilisikilize, na alikuja bila kumwambia mke wake.

Sasa niseme ninachokijua, maana watu hudhani ni uchawi. Redio iliyofungwa kiwandani ina tabia zake. Haina makeke. Besi yake inafika magotini na kuishia hapo. Sauti za kati, zile za watu wakizungumza, ndizo imezitunza zaidi. Sauti za juu zinatoka kwenye twita, vile vispika vidogo vya pembeni karibu na kioo cha mbele, na zinapaswa kuwa nyembamba bila kuchoma. Muuzaji mjanja ataongeza besi mpaka vioo vitetemeke, ili usigundue kwamba twita zimekufa zamani. Halafu redio ya Kijapani inaishia tisini ya FM. Ukikuta inashika zile stesheni zetu za juu, ujue kuna mkono umepita, ama wamefunga konveta, kile kidude cha kuzishusha stesheni, ama wamebadilisha redio nzima. Kufunga konveta si dhambi. Ila mimi hujiuliza, mkono uliopita kwenye redio ulipita wapi kwingine?

Kipimo changu ni flashi moja ya bluu yenye wimbo mmoja wa kwaya yetu. Tuliurekodi kizamani, kwa maikrofoni moja iliyosimamishwa katikati, kwa hiyo kinachotoka spika za kushoto ndicho kinachotoka za kulia, nukta kwa nukta. Ndani yake kuna kayamba, na kayamba haidanganyi. Nakaa kiti cha dereva, nafunga vioo, naipeleka balansi yote kushoto, nasikiliza. Kisha naipeleka yote kulia. Pande mbili zikifanana, gari halijaguswa. Zikitofautiana, namwita mwenye gari kule kivulini na kumuuliza taratibu ni nini kilitokea kwenye mlango ule. Utashangaa watu wazima wanavyokiri.

Sasa kuanzia kama miaka miwili iliyopita, nilianza kukuta jambo la ajabu. Kayamba ilikuwa inafifia upande wa kulia. Gari la kwanza nikasema sawa, limegongwa upande wa dereva. Gari la pili hivyo hivyo. La tatu, la nne. Magari ya rangi mbalimbali, ya wauzaji mbalimbali, yote kulia kumezibwa kama kumewekwa blanketi. Wenye magari waliapa kwamba hayajagongwa, na kadiri walivyoapa ndivyo nilivyozidi kuona kuna mchezo. Nikawa na hakika ipo yadi mahali fulani, labda kule ng'ambo, labda njiani kutoka bandarini, ambako mtu anang'oa spika nzuri za upande wa dereva na kupachika mbovu, na madalali wote wanakula naye. Nilianza kuwatazama madalali wa mjini hapa kwa jicho la pembeni. Yupo mmoja ambaye tunasali naye kanisa moja, nikaacha kumpa mkono wa amani.

Mwalimu mwenzangu wa Busawe alikuwa amelipenda gari moja jeupe mpaka amelipa jina. Nilikaa ndani dakika kumi, nikashuka nikamwambia alirudishe. Alinisihi nisikilize tena. Nikasikiliza tena kwa heshima yake, na kulia kulikuwa kumekufa vilevile. Akalirudisha, na mpaka leo anakwenda shuleni kwa pikipiki.

Ndipo akaja kijana wa Kerende.

Binti yangu ni nesi katika zahanati moja upande wa Serengeti. Ni mtoto asiye na maneno mengi, na aliponiambia ana mchumba nilijua amelifikiria jambo hilo mwaka mzima kabla ya kulitamka. Kijana alikuwa akifanya kazi za umeme kule Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi Nyamongo naijua. Mtu wa kule leo ana hiki, kesho ana kile, na ukiuliza kimetoka wapi unaambiwa Mungu ni mwema. Nilimwambia binti yangu wazi kwamba sina ubaya na kijana ila simwamini bado. Akanijibu, "Mama, wewe nani unamwamini?" Nilifikiri kwa dakika nzima nikitafuta jina, nikalikosa, nikamtuma akaangalie chungu jikoni.

Wazee wa pande mbili walikaa wakazungumza mahari. Baba wa watoto miguu inamsumbua siku hizi, na shamba letu liko mbali, kwa hiyo wakakubaliana kwamba gari la kijana lishike nafasi ya baadhi ya ng'ombe. Ng'ombe waliosalia wakaletwa kwa utaratibu wetu wa siku zote. Ng'ombe wa mahari kwetu hapokelewi juu juu. Wanaume wa upande wa mwanamke wanamtembeza waone kama anachechemea, wanamfunua mdomo, wanamwinua kope kuangalia utando wa jicho. Mwenye kilema anarudishwa. Hakuna anayenuna, maana kila mmoja ana binti na kila mmoja siku moja atasimama zizini kwa mwenzake.

Ng'ombe wakapita wote. Likabaki gari, na wazee wetu wakatazamana, maana hakuna aliyejua gari linafunuliwa wapi mdomo. Kaka yangu wa Kisaka ndiye aliyenitaja. Nikaitwa, mimi mwanamke, nikague mahari ya binti yangu mwenyewe. Sitaficha, nilijisikia mkubwa. Nilikwenda ndani kuchukua flashi yangu, na binti yangu akanifuata mpaka chumbani.

"Mama, naomba," akasema. "Usimfanye kama unavyowafanya wale wengine."

"Gari likiwa zima litajisemea lenyewe."

"Na lisipokuwa zima?"

"Basi afadhali tujue leo."

Akanitazama sana. Nilidhani ni woga wa mtu anayejua siri ya mchumba wake, na hilo likaniongezea shaka.

Ilikuwa saa nane mchana, gari limeegeshwa katikati ya uwanja wetu, limeoshwa mpaka linang'aa. Kijana alikuwa amesimama mbali, karibu na uzio, macho chini. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hakai kiti kimoja na mimi, hali mbele yangu, na kuingia naye gari moja ni jambo ambalo halifikiriki. Kwa hiyo safari hii sikuhitaji kumwambia mtu ashuke. Nikaingia peke yangu, nikafunga vioo, nikaweka flashi.

Redio ilikuwa ya kiwandani, na kioo chake bado kilikuwa kinaandika Kijapani. Inaishia tisini. Moyoni nikasema, huyu angalau hajagusa hapa. Nikapeleka balansi kushoto. Jamani, sijasikia gari zuri hivyo! Kila sauti ilikaa mahali pake, kayamba ikimwagika kama mchele kwenye ungo. Nilianza hata kumpenda kijana. Kisha nikapeleka kulia.

Blanketi. Lile lile.

Nilirudia mara tatu. Niliposhuka, wazee wote walikuwa wamesimama. Nikawaambia kwa sauti ya darasani: upande wa dereva si mzima. Gari hili limegongwa na mlango umechezewa, na aliyesema halijawahi kuguswa hakusema kweli.

Kijana akainua uso kidogo, si kunitazama mimi, bali kumtazama mume wangu. "Baba, gari hili nimelitoa bandarini mwenyewe. Nimelala ndani yake njia nzima. Halijagongwa."

"Mimi nasema nilichokisikia," nikajibu.

Msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, mzee mrefu aliyemlea kijana baada ya baba yake kufariki. Akasema taratibu, "Mama, ng'ombe zetu mmezifunua kope tukanyamaza. Hili hamkusema lina kilema gani cha kuonekana. Mnasema mmesikia. Na sisi tutasikiaje?"

Hakuna mwanaume wetu hata mmoja aliyewahi kusikia tofauti ya spika na spika. Kwa mume wangu redio ni taarifa ya habari na vifo. Kijana mwenyewe, ambaye pengine angesikia, hakuweza kuja kukaa na mimi tusikilize pamoja. Neno langu likabaki peke yake, na kwa kuwa lilikuwa peke yake likawa na nguvu. Wageni wakaondoka bila kumaliza chakula. Mazungumzo yakasimama.

Binti yangu hakulia. Ningependa angelia, ningejua pa kumshika. Aliosha vyombo vyote vya wageni, akavipanga, akarudi kazini kwake siku iliyofuata. Alipopiga simu alizungumza na baba yake. Nilimsikia mume wangu akimwambia, "Mama yako ndiye anayejua masikio, mwanangu, mimi nifanyeje?" Jioni akaniuliza mimi: "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika kama ninavyokuona. Akasema, "Maana yule mtoto akimkosa huyu hataleta mwingine. Mimi namjua." Nilijua anasema kweli, na nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Wiki ya tatu wakarudi. Kijana, baba mkubwa, na fundi mmoja mwenye sanduku la vifaa. Binti yangu naye alikuwa amekuja mapumziko, na hapo nikanusa kwamba wamepanga. Baba mkubwa akasema hawakuja kugombana, wamekuja kufungua mlango mbele ya macho ya watu, kama mtu anavyofunua mdomo wa ng'ombe wake.

Fundi akafungua kava la mlango wa dereva. Nilisogea karibu kabisa. Karatasi ya nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imegandishwa na gundi yake nyeusi, haijawahi kubanduliwa. Ndani vumbi jembamba la aina moja, skrubu hazina alama ya bisibisi, spika ina kibandiko. Akafungua na mlango wa kushoto: kibandiko kile kile, vumbi lile lile. Mume wangu akashusha pumzi.

"Vibandiko vinabandikwa," nikasema.

Fundi akanitazama, akamtazama baba mkubwa, akacheka kidogo puani. Kisha akafanya jambo la akili. Akang'oa spika na twita ya kulia akazipeleka kushoto, na za kushoto akazileta kulia. Akasema, "Mama, kama mbovu ni spika, sasa ubovu utakuwa kushoto." Nikaingia, nikasikiliza. Kushoto safi. Kulia blanketi.

"Ni nyaya basi!" Nilisema hivyo kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilikuwa na furaha ya kweli, kwamba nilikuwa nimesema na imekuwa. "Si spika, ni nyaya! Gari limekatwa nyaya upande huu!"

Hapo binti yangu akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Akaja mpaka kwenye dirisha la abiria, upande wa kushoto, akainama.

"Mama," akasema, "usishuke. Piga magoti kwenye kiti, ugeuke utazame nyuma. Halafu sikiliza tena."

"Nigeuke kwa nini?"

"Geuka tu, mama."

Mtu mzima kupiga magoti kwenye kiti cha gari, makalio yakielekea usukani, mbele ya wakwe, si jambo dogo. Lakini kulikuwa na kitu kwenye sauti yake kilichonifanya nisibishe. Nikageuka, nikashika kiti kwa mkono mmoja, na mwingine nikaurudisha nyuma kuipata balansi. Nikaipeleka mlango wa dereva, ule mbovu. Sasa mlango huo ulikuwa mkono wangu wa kushoto.

Kayamba ikamwagika yote.

Nikaipeleka upande wa pili, ule uliokuwa safi wiki tatu nzima. Blanketi.

Nitasema kweli yote: jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba wamebadilisha. Kwamba fundi ana kitu mfukoni. Nikatazama huku na huku kumtafuta mtu aliyegusa. Fundi alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, hatua kumi. Kijana yuko kwenye uzio kama kawaida, kwa kuwa hawezi kunikaribia. Ndani ya gari lile hapakuwa na mkono mwingine isipokuwa wangu. Nikageuka mbele, ubovu ukarudi kulia. Nikageuka nyuma, ukahamia kushoto. Ubovu ulikuwa unazunguka na mimi.

Binti yangu bado alikuwa ameinama dirishani. Akasema kwa sauti ndogo, ili wazee wasisikie, "Tangu mwaka juzi, mama. Nikikuita ukiwa umenipa upande wa kulia unachelewa kugeuka. Nilitaka nikupeleke hospitali, nikaogopa utasema nakutafutia ugonjwa."

Na ningesema hivyo. Hivyo hivyo hasa.

Spika kubwa la kanisani limefungwa kwenye nguzo kando ya bega langu la kulia, na nimesimama chini yake kila Jumapili miaka yote hii. Nilikaa mle ndani nikaanza kuwahesabu watu. Mwalimu wa Busawe. Dalali niliyemnyima mkono. Na waimbaji wangu wa sauti ya kwanza, wanaosimama kulia kwangu, niliowagombeza miezi na miezi kwamba hawafungui midomo. Mmoja wao, mwenye sauti nzuri kuliko wote, aliacha kwaya akaenda kuimba kwa watu wengine. Nilisema ana kiburi.

"Mama, unasemaje?" Ni baba mkubwa, ameshasogea karibu. Nje hawakujua kitu. Walikuwa wameona mwanamke akigeuka mbele na nyuma ndani ya gari kama kuku aliyefungwa kambani, basi.

Nilijua kabisa ninaloweza kusema. Ningesema nyaya zilikuwa zimelegea na fundi amezikaza bila kujua, gari sasa ni zima. Ndoa ingeendelea, jina langu lingebaki, na watu wangeendelea kuniletea magari. Kijana angebaki kuwa yule aliyeleta gari lenye hitilafu, kidogo tu, jambo la kusahaulika. Maneno yalikuwa yameshapangika mdomoni. Nikamwona binti yangu ananitazama, akingoja kuona nitachagua lipi, na akiwa hana matumaini makubwa.

Nikashuka. "Gari ni zima," nikasema. "Lilikuwa zima tangu siku ile. Kibovu ni sikio langu la kulia. Halisikii. Nimemsema mwanenu mwongo na hakuwa mwongo."

Mume wangu akakaa chini kwenye kiti chake polepole. Kaka yangu wa Kisaka akaanza kukohoa. Mimi nilidhani nimemaliza, kwamba kilichobaki ni aibu yangu nitakayoibeba mwenyewe. Sikuwa nimefikiria hatua moja mbele, mimi ninayejisifu kwa kufikiria mbele.

Baba mkubwa akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri, na nilizitambua zile fikra, kwa sababu ni za aina yangu.

"Asante kwa kusema," akasema. "Sasa, mama, nisiulize vibaya. Sikio hilo ni la uzee, au ni la ukoo? Mama yako alikuwa anasikia?"

Nikafungua mdomo. Mama yangu, miaka yake ya mwisho, tulikuwa tunampigia kelele. Sikujua ni uzee au ni nini. Sikuwahi kujiuliza.

"Naulizia watoto watakaozaliwa," akaendelea. "Nanyi mlituulizia ng'ombe. Binti naye aingie asikilize, mara moja tu, mbele na nyuma, kama mama yake alivyofanya. Halafu tumalize."

Ningesema nini? Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba hakuna kitu kinachopokelewa bila kufunuliwa. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama chini. Binti yangu alikuwa amenyooka wima. Akaniita kwa macho, mara moja, kisha akazunguka upande wa dereva, uso umekauka, akashika kitasa cha mlango. Nilisikia uchungu ambao sikuusikia hata siku nilipomzaa. Mtoto wangu alikuwa anakwenda kukaguliwa meno, na mimi ndiye niliyelileta zizi nyumbani.

"Hapana, baba mkubwa."

Kijana alikuwa ameacha uzio. Alikuja mpaka katikati ya uwanja, karibu nami kuliko desturi inavyoruhusu, akasimama.

"Mura, tulia," mzee akasema, kama kijana anavyoitwa kwetu. "Hili ni la wazee."

"Najua, baba mkubwa. Naomba radhi." Hakurudi nyuma. "Lakini mimi gari langu limefunguliwa milango mbele za watu. Nilivyojisikia najua mwenyewe. Huyu hafunguliwi. Asiposikia, nitasema kwa nguvu. Watoto wasiposikia, tutasema kwa nguvu."

Akamgeukia binti yangu, akamwambia aache kitasa. Binti yangu akakiacha.

Nilimtazama kijana usoni, jambo ambalo mama mkwe hapaswi kulifanya. Nilimtazama kwa jicho langu lile lile la siku zote, nikitafuta anaficha nini, anataka nini, nani amemfundisha maneno yale. Nilitafuta kwa bidii. Alikuwa amesimama tu, jasho linamtoka, anaogopa amemkosea baba yake mkubwa. Nikatafuta mpaka nikakosa, na nilipokosa nikakaa pale pale chini kwenye vumbi, mbele ya wakwe zangu, mchana kweupe, nikalia.